Rufaa ya alama moja: swali lililogombewa na swali lililopita kimya

Kisa hiki kinahusu jaribio la hesabu, alama moja iliyokatwa, na rufaa iliyofichua zaidi ya ilichoomba. Majina, mahali na tarehe nimeviondoa, na namba za maswali nimezibadilisha. Hesabu zenyewe ziko kama zilivyoandikwa kwenye karatasi. Niliombwa kupitia majibu upya baada ya rufaa kuwasilishwa, kwa hiyo ya mwanzoni nayaeleza kama nilivyosimuliwa na wahusika. Kuanzia kikao cha pili nilikuwepo.

## Usuli

Chuo kimoja cha mafunzo hupokea wanafunzi waliotoka shule tofauti, wengine wakiwa wamekaa miaka mingi bila kushika daftari. Ili kujua nani aanzie wapi, wote hufanya jaribio moja la hesabu wanapofika: maswali 30, kila swali alama moja, bila kikokotoo. Mwenye alama 20 au zaidi anaingia kwenye kozi moja kwa moja. Mwenye 19 kushuka chini anapitia kwanza darasa la msingi. Hakuna anayerudishwa nyumbani. Jaribio linapanga tu, halichuji, na tofauti hiyo ilikuja kuwa na uzito baadaye.

Mtunzi wa maswali alikuwa mwalimu wa siku nyingi, makini na mwenye kuheshimika. Ndiye aliyeandika pia mwongozo wa kusahihisha. Hakuna mtu wa pili aliyeyafanya maswali yale kabla hayajachapwa. Mwongozo ulitoka mikononi mwake ukaenda kwa msaidizi, ambaye kazi yake ilikuwa kulinganisha jibu na jibu na kuweka vyema au kosa. Mwendo wa kujibu haukuhesabiwa.

Maswali kadhaa yalipima mpangilio wa matendo: hesabu moja ikiwa na kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya pamoja, lipi lianze? Waliosoma hesabu kwa Kiswahili wengi wanalijua somo hili kwa kifupisho kimoja, MAGAZIJUTO: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Mtunzi aliifuata kanuni hiyo silabi kwa silabi, kuanzia MA hadi TO.

Swali la 14 lilikuwa hili:

Kokotoa: 8 ÷ 2(2 + 2)

Si swali geni. Mwaka 2019 lilizunguka mitandaoni na kuwagawa watu kati ya 16 na 1. Kabla yake, mwaka 2011, lilizunguka 48 ÷ 2(9 + 3), ambalo wengine walilipa 288 na wengine 2. Mtunzi alilichukua kwa sababu ya umaarufu huo. Alitaka kuona nani anaishika kanuni bila kuyumba. Mwongozo wake ulisema 16.

## Kilichotokea

Mtahiniwa mmoja alipata 19. Alikuwa kijana mwenye umri wa kutosha kujua kwamba nafasi aliyoikosa ilikuwa ya alama moja tu, akaomba kuonyeshwa karatasi yake. Kwenye swali la 14 alikuwa ameandika:

8 ÷ 2(4)
= 8 ÷ 8
= 1

Pembeni kulikuwa na alama ya kosa kwa wino mwekundu. Siku iliyofuata alirudi na kikokotoo cha kisayansi, akakiweka mezani mbele ya mtunzi. "Samahani mwalimu, sibishani nawe. Naomba unioneshe nilipokosea, maana hata hiki kinasema 1."

Mtunzi alimjibu kwa upole kwamba kikokotoo hakifundishi hesabu. Akamwandikia mwendo: mabano kwanza, 2 + 2 ni 4, kisha gawanya, 8 ÷ 2 ni 4, kisha zidisha, 4 × 4 ni 16. "MAGAZIJUTO, kijana. Ga iko kabla ya Zi." Mkuu wa idara, aliyekuwa akisikiliza, akatoa simu yake na kuingiza hesabu ileile. Ikaleta 16. Mtunzi akatabasamu, kijana hakutabasamu. Vikokotoo viwili vilikuwa vimelala kwenye meza moja, kimoja kikisema 1 na kingine 16, na wala hakuna aliyekuwa amekosea kubonyeza.

Mkuu wa idara hakutaka kuamua kwa haraka. Aliagiza karatasi zote zipitiwe upya kwa swali hilo moja. Hapo ndipo nilipoitwa.

Nilikuta makundi matatu ya majibu. La kwanza lilikuwa la waliopata 16, wengi wao wakiwa wamebadilisha 2(4) kuwa 2 × 4 kwenye mstari wa pili kabla ya kuendelea. La pili lilikuwa la waliopata 1, kwa njia mbili: ama kama kijana wa rufaa, ama kwa kufungua mabano kwanza, 2(2 + 2) = 4 + 4 = 8, kisha 8 ÷ 8. Kundi la tatu lilikuwa na majibu ya ajabu zaidi, hasa 10, ambalo linatoka kwa mtu aliyeyapuuza mabano kabisa na kwenda kushoto kulia: 8 ÷ 2 × 2 + 2. Hilo halina utetezi kwa kanuni yoyote.

Nilikuwa nimeombwa kuangalia swali la 14 tu. Lakini ukishika karatasi nyingi mkononi macho yanatembea, na kwenye karatasi ya mtahiniwa mwingine, binti aliyepata 19 pia na ambaye hakulalamika popote, niliona alama nyekundu ya kosa mahali ambapo sikuitarajia. Swali la 6:

15 − 6 + 4

Alikuwa ameandika 13. Chini yake, kwa penseli nyepesi, kulikuwa na uhakiki: 15 + 4 = 19, 19 − 6 = 13. Alikuwa amelifanya swali kwa njia mbili na njia zote mbili zikakubaliana. Msaidizi akampa kosa.

Nikafungua mwongozo. Swali la 6, jibu: 5.

## Swali la 6 lilikuwa na shida gani

Mtunzi alipoulizwa hakusita. Jumlisha iko kabla ya Toa: 6 + 4 ni 10, 15 − 10 ni 5. Alikuwa akifundisha hivyo miaka yote, na nina hakika hakuwa peke yake. Hapa hapakuwa na mizani ya kupima maoni mawili kama kwenye swali la 14. Jibu la 15 − 6 + 4 ni 13, kila mahali, kwa kila kikokotoo, kwa kila kitabu cha hesabu. Anayepata 5 amefanya hesabu nyingine, 15 − (6 + 4), yenye mabano ambayo swali halikuwa nayo.

Alama ya kutoa inashika namba moja tu, ile inayoifuata. Katika 15 − 6 + 4, kinachoondolewa ni 6; ile 4 inaongezwa. Ukianza kwa kujumlisha 6 na 4 umeiburuta 4 kwenda upande wa vinavyoondolewa, na jibu linapungua kwa 8, yaani mara mbili ya hiyo 4. Ndiyo maana kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja na hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto kwenda kulia. Kuzidisha na kugawanya pia vina cheo kimoja, na utaratibu ni huohuo.

Mbona basi mwongozo haukuwa na makosa mengi zaidi? Hili lilinichukua muda, na kwangu ndilo jambo zuri kuliko yote katika kisa kizima. Ukiifuata MAGAZIJUTO silabi kwa silabi, sehemu ya GAZI haikudhuru kamwe. Chukua 24 ÷ 4 × 3: kugawanya kwanza kunaleta 6 × 3 = 18, sawasawa na kushoto kulia. Chukua 5 × 12 ÷ 4: kugawanya kwanza ni 5 × 3 = 15, kushoto kulia ni 60 ÷ 4 = 15. Kutanguliza kugawanya daima kunaangukia jibu sahihi, hata pale ambapo katikati utapata sehemu badala ya namba kamili. Sehemu ya JUTO ndiyo yenye mtego. Lau silabi mbili za mwisho zingebadilishana nafasi, kutoa kukatangulia kujumlisha, mwanafunzi angeweza kuzifuata kama kasuku na bado akapata jibu sahihi: 15 − 6 ni 9, jumlisha 4 ni 13.

Wanaotumia BODMAS, kifupisho cha Kiingereza cha kanuni hiyohiyo, wana mtego huohuo mahali hapohapo, maana nayo inamalizia na kujumlisha kisha kutoa. Wamarekani wenye PEMDAS wana miwili, kwa kuwa kwao kuzidisha kumetajwa kabla ya kugawanya: 24 ÷ 4 × 3 ikifanywa kwa herufi inakuwa 24 ÷ 12, yaani 2.

Na mtego wa JUTO haunasi kila mara. Swali la 11 la jaribio hilohilo lilikuwa 7 + 2 × 6 − 4. Zidisha kwanza, 7 + 12 − 4; sasa hata ukijumlisha kwanza unapata 19 − 4 = 15, jibu sahihi. Kujumlisha kukiwa kushoto kwa kutoa, kosa halionekani. Linajitokeza tu kutoa kunapotangulia. Mwalimu anaweza kutunga maswali mengi, akasahihisha, akapata majibu yanayokubaliana na kitabu, na asigundue chochote.

## Maamuzi na sababu zake

Kikao kilikuwa na watu wanne: mkuu wa idara, mtunzi, msaidizi na mimi. Swali la 14 lilichukua muda mwingi, la 6 dakika chache tu, ingawa uzito ulikuwa kinyume chake.

Kwa swali la 14 kulikuwa na njia nne mezani. Kubaki na 16. Kukubali 16 na 1. Kulifuta swali na kuhesabu alama kwa 29. Kumpa kila mtu alama.

Mtunzi alishikilia ya kwanza, na hoja yake haikuwa dhaifu: kanuni waliyofundishwa wanafunzi hawa shuleni, ikisomwa kushoto kulia baada ya mabano, inaleta 16. Nilikubaliana naye kwamba 16 ni jibu lenye msingi. Nilichopinga ni kwamba 1 halina msingi.

Alama ya kuzidisha ikiachwa, namba inapogusana na mabano au na herufi, watu wengi sana wanaozoea aljebra huisoma kama kitu kimoja kilichoshikana. Mwaka 1917 mwanahisabati N. J. Lennes aliliandika hili katika jarida la The American Mathematical Monthly: vitabu vinafundisha kanuni ya kushoto kulia, lakini waandishi walewale wakiandika 9a² ÷ 3a wanamaanisha 3a, si 3a³ kama kanuni ingedai. Mwaka 1928 Florian Cajori, katika historia yake ya alama za hisabati, aliandika kwamba hakukuwa na makubaliano kuhusu lipi litangulie pale ÷ na × zinapokutana. Watengenezaji wa vikokotoo nao wameenda njia zote mbili. TI-82 ya Texas Instruments inasoma 1/2X kama 1 juu ya 2X. TI-83 iliyoifuata inasoma nusu mara X. Kampuni ni moja. Baadhi ya vikokotoo vipya vya Casio huenda mbali zaidi: ukiandika 6÷2(1+2) na kubonyeza kitufe cha jibu, kioo chenyewe kinaongeza mabano, 6÷(2(1+2)), ili ujue kimekuelewaje. Na kiwango cha kimataifa cha alama za hisabati, ISO 80000-2, kinaelekeza alama ya ÷ isitumike kabisa.

Mkuu wa idara alivutiwa na kulifuta swali. Kwa maneno yake, halikuwa la haki, basi lisiwepo. Msaidizi ndiye aliyefanya hesabu iliyolizima wazo hilo. Aliyepata 20 kati ya 30, swali la 14 likiwamo, angebaki na 19 kati ya 29. Hiyo ni asilimia 65.5, wakati kiwango cha kupita kilikuwa theluthi mbili, asilimia 66.7. Mtu aliyejibu kama mwongozo ulivyotaka angeshuka kwa sababu swali lilitungwa vibaya. Na kijana wa rufaa? Alikuwa na 19 bila swali hilo. Angebaki na 19 kati ya 29, asipite vilevile. Kulifuta kungemuumiza mwingine bila kumsaidia mlalamikaji.

Kumpa kila mtu alama kulikataliwa kwa sababu ya wale wenye 10. Kosa lao halikutokana na swali kuwa na njia mbili.

Ikaamuliwa: 16 na 1 yote yapate alama, kuwe na mwendo au kusiwe. Mtunzi alisaini bila furaha.

Kwa swali la 6 hapakuwa na la kujadili kuhusu jibu. Mtunzi alilifanya tena ubaoni, akaandika 15 + (−6) + 4, akapanga upya namba hizo tatu kwa kila namna, kila mara ikaja 13. Akakaa. Baada ya muda akasema, "Basi na wale niliowafundisha?" Hakuna aliyemjibu, na sidhani alikuwa anauliza sisi.

Mjadala ulikuwa kuhusu wenye 5. Waliopewa vyema kwa jibu lisilo sahihi wanyang'anywe? Hapa ndipo kesi ya kijana wa rufaa ilipojikunja. Kwenye swali la 6 alikuwa ameandika 5. Kwa uamuzi wa swali la 14 alipanda hadi 20. Kwa kusahihisha swali la 6 angerudi 19. Mkuu wa idara aliamua kwamba alama iliyokwisha kutangazwa haishuki kwa kosa la mtahini. Wenye 13 waongezewe alama yao, wenye 5 wabaki nayo.

## Matokeo

Kijana wa rufaa aliingia kwenye kozi. Binti wa 13 naye alipanda hadi 20 na kuingia, pamoja na wengine wachache waliokuwa kwenye ukingo huohuo. Alipoitwa kuambiwa alishangaa kwanza kwamba kuna mtu aliyeiangalia tena karatasi yake. Alikuwa ameshaanza darasa la msingi.

Kosa la swali la 6 lilirudi mapema tu kozi ilipofika aljebra, likiwa limevaa herufi. Kati ya walioandika 5 kwenye jaribio, kadhaa waliandika 15x − 6x + 4x = 5x kwenye zoezi la kwanza la kukusanya pamoja namba zenye herufi moja. Kijana wa rufaa alikuwa mmoja wao. Mwalimu wa kozi, ambaye hakujua lolote kuhusu kikao chetu, alidhani shida ni aljebra na akaanza kumfundisha upya maana ya x. Ilichukua muda hadi mtu alipomwambia aangalie alama ya kutoa.

Swali la 14 halikurudi popote. Waliopata 1 na waliopata 16 walifanya vizuri na vibaya kwa kuchanganyika, bila mpangilio niliouona.

## Uchambuzi

Niseme wazi maoni yangu: uamuzi wa swali la 14 ulikuwa sahihi, na ule wa swali la 6 ulikuwa wa huruma uliokaa mahali pasipo pake.

Maswali hayo mawili yanafanana kwa nje. Yote mawili yanahusu mpangilio wa matendo, yote mawili yalikuwa na jibu la mwongozo lililopingwa. Lakini la 14 lina dosari ya uandishi na la 6 lilikuwa na dosari ya jibu. Pale mwandishi alipoacha njia mbili wazi, msomaji aliyepita njia ya pili hajakosa kitu, na kumpa alama ni haki. Pale swali lina jibu moja na mwongozo una lingine, anayelingana na mwongozo bado hajui. Kanuni ya "alama haishuki" inafaa kwa cheti, ambapo mtu anaweza kuwa amekwisha kupanga maisha yake kwa matokeo. Jaribio hili lilikuwa la kupanga madarasa. Alama ya bure haikumpa kijana kitu. Ilimpeleka mahali ambapo kosa lake lingekuwa gumu zaidi kuonekana. Ingewezekana kumwacha kwenye kozi na bado kumwita yeye na wenzake wenye 5 kwa kipindi kimoja cha marekebisho. Hilo halikufikiriwa kwa sababu kikao kilishazoea kuzungumza lugha ya alama.

Kilichofanya kazi vizuri ni kusoma mwendo badala ya jibu. Bila mistari ile mitatu ya kijana, 1 lake lingeonekana sawa na la mtu aliyebahatisha. Bila penseli ya binti, 13 lake lingebaki kosa. Msaidizi hakuwa na lawama. Alipewa mwongozo wa majibu matupu akafanya alichoagizwa. Mfumo ndio uliomzuia kuona.

Kilichoshindwa mapema kuliko vyote ni kukosekana kwa mtu wa pili. Kama mwalimu yeyote mwingine angeyafanya maswali yale 30 bila kuuona mwongozo, kisha wakalinganisha, la 6 lingekamatwa kabla ya kuchapwa, na la 14 lingezua ubishi chumbani badala ya mbele ya mtahiniwa.

Kuhusu kikokotoo kama shahidi: kijana alikuwa na haki ya kukileta, lakini kinachothibitishwa na mashine ni uamuzi wa aliyeitengeneza. Kikokotoo cha Windows kikiwa katika hali ya kawaida, ukibonyeza 2 + 3 × 4 kinaleta 20, kwa sababu kinakamilisha kila tendo unapobonyeza linalofuata. Kibadilishe kiwe katika hali ya kisayansi, kinaleta 14. Ukiandika −2^2 kwenye Excel unapata 4, na lugha ya kompyuta ya Python, inayoandika kipeo kwa **, kwa −2**2 inakupa −4. Hakuna mashine iliyoharibika hapo. Swali la kumuuliza mwenye kikokotoo ni kimekusomaje.

Kuna jambo moja ambalo kikao hakikuligusa. MAGAZIJUTO haina nafasi ya vipeo. Mwanafunzi anayeishika peke yake hana mwongozo wowote kwa 2 × 3², na nimeona karatasi zenye 36 mahali pa 18. Kama kanuni itaendelea kufundishwa kwa silabi, na sioni ikiondoka, basi iandikwe ubaoni kwa ngazi: mabano; vipeo; gawanya na zidisha pamoja, kushoto kulia; jumlisha na toa pamoja, kushoto kulia. Ngazi nne, na silabi za ngazi moja ziandikwe mstari mmoja ili jicho lenyewe lione kwamba hakuna aliye juu ya mwenzake.

## Jaribio lililofuata

Mtunzi ndiye aliyeandika toleo jipya, kwa ombi lake mwenyewe. Alikuwa na wasiwasi mmoja wa haki: ukijaza mabano kila mahali ili kuondoa utata, unapima nini tena? Mpangilio wa matendo utakuwa umeshafanywa na mwandishi.

Jibu lilikuwa kwamba utata na ugumu si kitu kimoja. Swali la 14 sasa limeandikwa kwa mstari wa sehemu, 8 juu, 2(2 + 2) chini, na jibu ni 1 bila mjadala. Alama ya ÷ imebaki tu pale ambapo hakuna namba iliyogusana na mabano, na × haiachwi popote kati ya namba na namba. Swali la 6 limekuwa:

20 − 2 × 6 + 3

Halina mabano hata moja, na lina jibu moja tu, 11. Mtunzi alilichagua kwa sababu kila njia mbovu inatua mahali pake. Mwenye 5 amezidisha kwanza vizuri, kisha akajumlisha 12 na 3 kabla ya kutoa, yaani kosa la JUTO. Mwenye 111 amekwenda kushoto kulia bila kujali cheo: 18 × 6 + 3. Mwenye 2 amejumlisha 6 na 3 kwanza, kisha akazidisha na kutoa. Mwenye 162 amefanya kutoa na kujumlisha kabla ya kuzidisha: 18 × 9. Majibu hayo manne sasa yameandikwa kwenye mwongozo chini ya jibu sahihi, kila moja na maelezo ya mstari mmoja, na msaidizi anatakiwa kuandika pembeni ya alama ya kosa ni lipi kati yao ameliona.